Nalipa kodi ya chumba cha duka na VAT, mlangoni kwangu kijana anauza mzigo ule ule kwa bei ya chini. Nifunge?

mama_vijora

Asalaam aleikum jamani, naomba mnisaidie mawazo maana nimefikiri peke yangu hadi kichwa kimechoka. Nina duka la nguo za kike hapa Mlandege mjini Unguja, madera, vijora, mitandio na mabaibui kidogo, mwaka wa 7 sasa. Nilianzia nyumbani, watu wanakuja ukumbini wanachagua, baadae nikajikusanya nikatoa kilemba (ile pesa ya kupishiwa chumba) nikapata chumba, nikasajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BPRA, nikakata leseni, nikachukua TIN (namba ya mlipakodi), na tokea mwaka juzi nimeingia na kwenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa hiyo kila ninachouza natoa risiti ya kielektroniki. Sijawahi kudaiwa na mtu.

Sasa mlangoni kwangu, na nikisema mlangoni ni mlangoni kweli, hatua mbili kutoka kwenye kizingiti, kuna kijana ameweka mwavuli na kamba anatundika madera yale yale. Maua yale yale, lebo ile ile, maana sote tunachukua kwa watu wa jumla wale wale. Mie dera moja 34,500, yeye 27,000.

Wiki iliyopita kaingia dada na shoga yake, akavaa dera langu juu ya nguo zake, akasimama mbele ya kioo changu feni yangu inampepea, akageuka huku akageuka kule, shoga yake akampiga na picha. Akauliza kama lipo la zambarau, nikapanda ngazi nikamshushia kutoka juu kabisa. Akalipenda. Halafu akalivua, akalikunja vizuri, akanipa mkononi akasema "nakuja da'angu". Akatoka akanunua la zambarau nje, namuona hivi kwa macho yangu. Na yule kijana ananiangalia kwa haya, maana si mtoto mbaya, kila asubuhi ananiamkia shikamoo mama.

Zamani nlikuwa nauza madera 8 kwa siku kwa wastani, sasa hivi 5. Mume wangu anasema nifunge nirudi nyumbani niuze kwa WhatsApp kama wenzangu, hakuna kodi ya chumba wala risiti. Jirani yangu wa viatu anasema tuandike barua wenye maduka sote tutie saini hawa watu waondoshwe. Nifanye lipi? Na swali jengine, hivi kweli VAT ndio inayoniua? Maana mie ndivo ninavoamini siku zote.

---

duka_la_mkunazini

Wa aleikum salaam mama. Saini hiyo barua na wala usione haya. Mie nina wafanyakazi 4, wote nawawekea mfuko wa hifadhi ya jamii ZSSF kila mwezi, nalipa huku ZRA na huku TRA kwa sababu VAT ni ya Zanzibar na kodi ya mapato ni ya Muungano, kwa hiyo mtu mmoja una ofisi mbili za kodi, bado leseni, bado taka, bado mlinzi. Halafu mtu anakuja na kamba na mwavuli anakuziba mlango. Mimi sina chuki na maskini, baba yangu kauza kashata na karanga kwa kutembea hadi katusomesha, lakini sheria ikiwa inamuhusu mmoja na mwengine haimuhusu basi yule anaeifuata ndie anaeadhibiwa. Bara mwisho wa 2021 machinga walihamishwa kutoka barabarani wakapelekwa maeneo yao, kelele zilikuwepo lakini ilifanyika. Na msione Kariakoo wenye maduka walifunga Mei 2023 na wakafunga tena Juni 2024 mkadhani ni watu wakorofi, kilio chao kikubwa kilikuwa kodi na namna inavokusanywa. Mwenye duka anajulikana alipo, ana mlango una namba, kila mwenye karatasi anamfata yeye. Wa nje wanampita.

Hapa kwetu mtu akijisajili ndio kajitokeza. Naliona hilo kila mwezi na linaniuma sana.

---

kijana_wa_kamba

Shikamoo mama, na shikamoo mzee wa Mkunazini. Mie si yule wa mlangoni kwako ila ningeweza kuwa mie, kazi yangu ni hiyo hiyo pale karibu na Darajani mwaka wa 5. Naomba nieleze kwa heshima zote maana naona tunazungumzwa kama hatulipi kitu.

Kwanza nalipa. Nalipa ushuru wa siku, nalipa mtu wa stoo nilaze mzigo usiku, nalipa anaenilindia nikienda kusali. Mvua za masika zikipiga siku tatu basi siku tatu sina kitu, na lile tope likirukia dera jeupe hilo si dera tena. Na Ramadhani moja nilichukuliwa mzigo wote kumi la mwisho, yaani siku ambazo mwaka mzima nazisubiri, Darajani usiku huwezi kupita kwa watu na mie nimekaa ofisini kwa watu nafata nguo zangu. Nilirudishiwa nusu. Ile nusu ya pili ilikuwa ya mkopo na nimeulipa miezi 8. Nani kaniandikia barua mie?

Pili, na hili wenye maduka wanalijua ila hawalisemi hapa. Sehemu kubwa ya mzigo ninaoutundika ni wa wenye maduka. Napewa mali kauli asubuhi, vipande 20, tunakubaliana bei ya kumrejeshea, cha juu changu, jioni narudisha hesabu na zilizobaki. Mwenye duka anatoa mzigo wake nje bila kukata risiti kisha kesho yake analalamika kuwa wa nje hawatoi risiti. Sisemi mama_vijora anafanya hivo. Nasema wapo, nawajua, na ndio maana barua ya kutuondoa ikiandikwa si wote wanaotia saini.

Mie duka nalitaka sana. Nimeuliza vyumba, naambiwa miezi sita mbele na kilemba juu. Nitoe wapi?

---

duka_la_mkunazini

Kijana umesema kweli kwenye mali kauli, yapo hayo na mie siyapendi kabisa, maana anaefanya hivo anatuharibia sisi kuliko hata wewe. Lakini jambo la mlango wa mtu bado. Kuzibiwa mlango ni kuzibiwa mlango.

---

mwalimu_wa_hesabu

Naomba nijibu lile swali la VAT kwa sababu naona limepitwa na ndio roho ya jambo lenyewe. Nasomesha biashara skuli ya sekondari na mke wangu anauza vitambaa kwa hiyo hesabu hizi nazila na kulala nazo.

Mama chukua dera lako. VAT yetu ni 15 kwa 100 (Bara 18). Tuseme kwa mtu wa jumla dera ni 20,000 na VAT yake 3,000, unalitoa kwa 23,000. Wewe unauza 34,500, humo 30,000 ni yako na 4,500 ni VAT. Lakini hupeleki 4,500, unakata zile 3,000 ulizokwisha kulipa kwenye kununua, unapeleka 1,500. Kijana wa nje nae kanunua kwa 23,000, zile 3,000 kazilipa vilevile na hana pa kuzidai kwa sababu hajasajiliwa. Kwa hiyo kwenye dera moja VAT inakuweka nyuma yake kwa 1,500 tu. Hiyo ni ikiwa nae kanunua mzigo uliolipiwa. Kama mzigo umeingia bila kulipiwa chochote hapo hadithi nyengine, na hapo mwizi si kijana wa kamba.

Sasa mnatofautiana 7,500, na 1,500 tumeiona. Hizo 6,000 zimetoka wapi? Niambie kodi ya chumba, mshahara wa msaidizi, tukuza ya umeme na mlinzi nikufanyie.

---

mama_vijora

Mwalimu Mungu akujaalie. Chumba laki 5 kwa mwezi nalipa miezi sita sita, msichana wangu wa dukani 350,000, tukuza elfu 70 kwa sababu ya feni na taa, mlinzi tunachangiana natoa 30,000, leseni na mambo madogo madogo nikigawa kwa mwezi inakuja kama 20,000. Siku za kazi 26.

---

mwalimu_wa_hesabu

Jumla 970,000. Ukigawa kwa siku 26 ni kama 37,300, yaani kila ukifungua mlango unaanza na deni la 37,300 kabla hujauza hata mtandio. Ulipokuwa unauza madera 8, kila dera lilibeba kama 4,660 ya deni hilo. Dera linakupa 10,000 juu ya mtaji, toa 4,660 unabaki na 5,340, mara 8 mara siku 26, mwezi unatoka na milioni moja na laki moja hivi kabla ya kodi ya mapato. Vizuri.

Sasa unauza 5. Deni la siku halijapungua hata senti, chumba hakijui kama wateja wamepungua. Kila dera linabeba 7,460. Unabaki na 2,540. Mwezi mzima 330,000.

Tazama hapo mama. Umepoteza wateja 3 katika 8, ukisikia hivi unasema si wengi, lakini umepoteza robo tatu ya kipato chako, bado kidogo tu itimie. Msichana wako wa dukani anakuzidi. VAT ni 1,500 tokea mwanzo, haikubadilika. Kinachokuua ni kwamba gharama zako zimesimama pale pale na idadi imeshuka, wakati kijana wa nje gharama zake zinapanda na kushuka pamoja na mauzo. Siku mbaya yeye anafunga mwavuli anakwenda, wewe huwezi. Ndio maana mwenye duka akishindana na wa nje kwa bei anaumia haraka sana, hata angekuwa halipi VAT kabisa.

Nimeandika kwa urefu kwa sababu nimechoka kusikia jambo hili likizungumzwa kama ni watu wabaya na watu wema. ILO, shirika la kazi duniani, walitoa hesabu yao 2018, zaidi ya watu bilioni 2 duniani, kama 60 na kitu katika kila 100 wanaofanya kazi, wapo kwenye shughuli zisizo rasmi, na Afrika ni karibu 86 katika 100. Watu 86 si wakwepaji. Hata hilo neno lenyewe la sekta isiyo rasmi halina umri mkubwa, mwanzoni mwa miaka ya 70 mtafiti Keith Hart alilitumia kwa watu aliowakuta Accra, Ghana, na ILO wakalitia kwenye ripoti yao ya Kenya 1972, na hao waliowaandika walikuwa watu wanaohangaika kutwa kucha.

Lakini siungi mkono pia kuwaacha hivi hivi. Tatizo ninaloliona ni ngazi. Kumbukeni vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya Bara, Desemba 2018 Rais Magufuli alivitoa kwa 20,000, kwa mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Milioni 4 kwa mwaka kwa madera ya 27,000 ni madera 12 kwa mwezi. Kijana yeyote wa Darajani anayauza hayo kwa siku chache. Sasa kutoka hapo hadi kwenye duka, leseni, risiti na ofisi mbili za kodi sioni kipandio cha katikati cha maana, naona ukuta. Mtu akiuona ukuta anabaki chini. Sri Lanka kuna watafiti walijaribu, 2013 walichapisha, wakawaeleza wenye biashara ndogo namna ya kujisajili na wakawarudishia gharama za usajili, karibu hakuna aliejisajili. Walipowapa pesa sawa na faida ya miezi miwili ndipo kama nusu wakakubali. Kwa hiyo si ujinga wala si ukaidi, mtu anapima anachopata.

---

mboga_kaskazini

Habari zenu. Mie mzaliwa wa Wete ila kazi nafanyia Unguja kaskazini, nauza mboga na matunda kwenye mahoteli upande wa Nungwi na Matemwe. Nataka nimjibu mwalimu hapo aliposema mtu anapima anachopata maana mie nimepima.

Nlikuwa mchuuzi tu, naamka saa tisa usiku nafata tungule (nyanya) na mabilingani kwa wakulima, nakodi gari na wenzangu, nauza popote. Mahoteli yalikuwa hayaninunui moja kwa moja, yananunua kwa bwana mmoja mwenye kampuni, na yule bwana ananunua kwangu. Kwa nini? Kwa sababu hoteli ikinunua bila risiti ile gharama haiwezi kuiingiza kwenye hesabu zake za kodi, kwa hiyo tungule yangu ya bei rahisi kwao ni ghali. Yule bwana alikuwa hajui tungule mbichi na iliyolala, alikuwa na karatasi tu, na karatasi ile ilikuwa inakula faida kubwa kuliko mie niliyeamka saa tisa.

Nikajisajili. Ilinichukua miezi, njoo kesho, njoo na nakala, njoo na barua ya sheha wa mtaa, nikavumilia. Sasa nauza hoteli 3 mwenyewe kwa jina langu. Lakini nisiwafiche, hoteli hailipi siku ile ile, inalipa baada ya mwezi au miezi miwili, na mkulima wangu anataka pesa pale pale shambani, yeye hajui ankara. Mwaka wa kwanza nilikaribia kufa, niliuza pikipiki yangu. Kwa hiyo urasmi umenifungulia mlango na mlango wenyewe mzito.

Mama_vijora wewe risiti yako ya VAT unaiuza kwa nani? Yule dada wa zambarau hana haja nayo. Hana kabisa. Kwake ni kikaratasi anakitupa hapo hapo nje. Lakini wapo wenye haja nayo, hoteli zinavalisha wafanyakazi, skuli binafsi, maofisi yanashonesha sare kila mwaka, na hao kwa kijana wa kamba hawawezi kwenda hata akiuza bure. Una fundi wa cherehani unaemuamini?

---

ukhty_oda

Kwa anaetaka kurudi nyumbani kuuza kwa status nampa ukweli kwa sababu ndio kazi yangu. Kodi ya chumba hakuna sawa. Ila unapiga picha kutwa, unajibu "bei gani" mara mia, bodaboda anakula elfu 3 hadi Fuoni, mtu anaagiza anafika mlangoni anasema mbona rangi si ile, unarudishiwa. Na ndani ya mtaa wangu tupo 6 tunauza madera kwa simu. Wewe wateja wako wanakujua kwa kioo chako na kwa kupima, usikiache kioo kwa pupa.

---

mama_vijora

Wallahi nimesoma yote, mengine nimemsomea na mume wangu kwa sauti. Ile hesabu ya 330,000 ilinikosesha usingizi usiku ule. Miaka yote naichukia VAT kumbe adui yupo upande mwengine kabisa. Nikakaa na binti yangu tukapanga daftari upya, tukakuta na jengine ambalo sikulisema hapa kwa sababu sikulijua, juu ya rafu nina vipande 140 vya tokea sikukuu ya mwaka jana, maua yaliyopitwa na wakati, ni zaidi ya milioni 2 na laki 8 za mtaji zimelala zinakula vumbi huku mie nakopa kununua mzigo mpya.

Barua sikusaini. Jirani wa viatu kanuna kidogo lakini tutaelewana, sote watu wa dua moja. Badala yake juzi baada ya laasiri nilimwita yule kijana ndani, nikampa kiti na chai ya maziwa, nikamwambia mwanangu leo tuzungumze. Nilimuuliza kwa nini umeweka mwavuli mbele ya mlango wangu na sio pale kwenye nguzo. Akasema mama, pale kwenye nguzo jua la saa nane linapauza nguo, hapa kuna kivuli cha baraza lako. Kivuli! Mwaka mzima mie nadhani ananivizia wateja.

Tumekubaliana hivi. Anasogea upande wa nguzo, mie nimemfungia turubai nililokuwa nalo stoo limkinge na jua, na kuanzia Jumamosi anachukua zile 140 kwa mali kauli, anauza kwa bei zake, mpya zibaki kwangu ndani. Na mboga_kaskazini nimekufata kwenye ujumbe, fundi ninae wa Jang'ombe, tena mzuri, kuna skuli moja mwanangu anasoma nitaanza kuwauliza kuhusu sare za walimu.

Sasa nimebakiwa na suala moja na naliuliza kwa dhati kwa sababu sitaki kuwa yule mwenye duka aliesemwa na kijana_wa_kamba. Zile 140 zikitoka dukani kwangu kwenda kwenye kamba nataka zitoke na risiti. Nikate risiti asubuhi anapochukua vipande 20, wakati jioni anaweza kurudisha 14? Au nikate jioni kwa zile 6 zilizouzwa tu, kwa bei aliyonirejeshea? Maana nikikata asubuhi napeleka VAT ya nguo ambazo bado zipo kwangu, na nikikata jioni nikikutwa mchana vipande vipo nje na sina karatasi nitasema nini?

---

mwalimu_wa_hesabu

Swali zuri mama. Anza na karatasi ya kutolea mzigo, asubuhi mwandikie vipande 20 vya dera, tarehe, jina lake, sainini wote wawili, nakala abaki nayo kwenye kile kimkoba chake cha kiunoni. Hiyo inaonyesha mzigo bado ni wako na haujauzwa. Jioni zilizouzwa ukazikatie risiti. Lakini usichukue maneno yangu, na bei ya kuandika usiamue mwenyewe, maana ukisema kijana ni mnunuzi wako ni bei aliyokurejeshea, ukisema ni muuzaji wako basi ni bei aliyolipa mteja. Nenda na karatasi hiyo hiyo mkononi kabla ya Jumamosi ukaulize ZRA wenyewe dirishani, na wakikujibu uwaombe waandike.

---

kijana_wa_kamba

Mama wa Mlandege, mwambie mwenzangu vile vya maua makubwa avitundike juu mbele kabisa, wa mashamba wakishuka kwenye daladala asubuhi ndivyo wanavovipenda. Akiweka nyuma havitatoka. Na kama zile 140 zitamshinda mie nipo.